KIDONDA HAKINGOJI MAVUNO

Wapendwa waamini, na ninyi viongozi wa walei mnaoshika madaftari ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo,

Yako magonjwa yanayomwingia mwanadamu kama mwizi wa usiku. Saratani ya ini hujificha tumboni, na mara nyingi hujitangaza wakati mlango umekwisha kuvunjwa. Saratani ya ngozi haiko hivyo. Hiyo hukaa usoni, juu ya sikio, kwenye mdomo wa chini, shingoni, juu ya kovu la zamani, chini ya wayo. Jirani huiona anapopita kuomba moto. Mwalimu huiona darasani. Mhudumu wa Komunyo huiona mgonjwa anapofungua kinywa ili apokee. Kuishuku hakuhitaji mashine. Yatosha macho na ujuzi kidogo.

Lakini hapa kwetu, kutoka Nansio hadi Magu, kutoka Sengerema hadi Kwimba, watu bado wanazikwa kwa ugonjwa ambao kigango kizima kiliuona ukikua. Swali la waraka huu ni moja: kwa nini ugonjwa unaoonekana wazi namna hii hufikishwa kwa daktari ukiwa umechelewa? Jibu letu tunalitoa mapema, ili asiwepo wa kusema tumelificha. Kilichokosekana si macho. Kilichokosekana ni fedha, na pamoja na fedha ilikosekana haki.

NI NANI ANAYEUMWA?

Wengi wetu tumejaliwa ngozi nyeusi, na weusi huo ni mwavuli: rangi iliyomo ndani ya ngozi huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua inayochoma. Hata hivyo wako wenzetu walio katika hatari, nao ni wa makundi matatu.

Kwanza ni ndugu zetu wenye ualbino, waliozaliwa bila rangi hiyo au wakiwa nayo kidogo mno. Hali hiyo hurithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, hata kama wazazi wote wawili ni weusi. Si laana, si adhabu, wala mama hakutenda kosa lolote. Hukadiriwa kwamba katika Tanzania mtu mmoja kati ya kila watu 1,400 hivi huzaliwa na ualbino, ilhali Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa hiyo jambo hili si la mbali. Liko katika kila parokia.

Pili ni wenye makovu makubwa ya moto. Mtoto akiangukia jiko au sufuria ya uji, na jeraha lake likaachwa lijifunge lenyewe bila kupandikizwa ngozi, kovu lile huweza kupasuka na kupona, kisha kupasuka tena kwa miaka mingi, na mwisho likageuka saratani. Madaktari wa Bugando wamekwisha kuandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo, na wakaonyesha kwamba ni wachache tu kati yao waliopandikizwa ngozi walipoungua.

Tatu ni yeyote kati yetu. Iko saratani ya ngozi iitwayo melanoma, ambayo kwa watu weusi hupenda kuota mahali ambapo rangi ni haba: chini ya wayo, kiganjani, chini ya ukucha. Vijana wote wanamjua mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Ugonjwa uliomuua ulianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Mkulima wa mpunga mwenye doa jeusi wayoni atadhani ni mwiba, naye ataendelea kulikanyaga.

USHAHIDI ULIO MLANGONI PETU

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa 64 wenye ualbino na saratani ya ngozi, waliotibiwa katika hospitali hiyo kati ya mwaka 2001 na 2010. Tunaomba kila kiongozi wa Jumuiya ayasome matokeo hayo polepole.

Nusu ya wagonjwa hao walikuwa hawajavuka umri wa miaka 30. Wengi wao, kama saba katika kila kumi, ugonjwa ulikuwa kichwani na shingoni, yaani mahali ambapo hakuna nguo ya kuuficha. Nusu yao walikuwa wameishi na ugonjwa huo miezi 24 au zaidi ndipo wakafika hospitali. Miezi 24 ni misimu miwili ya pamba. Na madaktari walipouliza sababu ya kuchelewa, sababu iliyotajwa na wengi kuliko nyingine zote ilikuwa ukosefu wa fedha. Kisha, kati ya hao 64, watu 27 hawakumaliza matibabu yao. Nao pia kwa kukosa fedha.

Ndugu zetu, hao si takwimu. Ni watu 27 waliokwisha kuvuka ziwa, waliokwisha kupanda kile kilima cha Bugando, waliokwisha kuambiwa jina la ugonjwa wao, kisha wakageuka na kushuka.

HESABU YA MAMA WA DAGAA

Tuchukue mfano. Hatumtaji mtu, maana mfano huu ni wa wengi. Mama mwenye ualbino anaishi kando ya mwalo katika kisiwa cha Ukerewe, naye riziki yake ni kuanika dagaa. Dagaa hawakauki kivulini. Siku ya jua kali ndiyo siku ya kipato. Siku ya mawingu ni siku ya hasara. Kwa hiyo jua lile linalomlisha ndilo linalomuua, wala hawezi kuacha kazi yake kwa kuambiwa tu kwamba "ajikinge na jua". Mafuta ya kukinga ngozi yako, na utengenezaji wa yale yaitwayo Kilisun ulianzishwa hapa hapa nchini, Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, mahususi kwa watu kama yeye. Lakini madukani mafuta ya namna hii huwekwa pamoja na vipodozi vya matajiri, na kwa bei ya matajiri.

Siku moja anaona kigaga juu ya sikio. Anakwenda zahanati, anapewa dawa ya kupaka. Kigaga kinageuka kidonda. Anaambiwa aende Nansio, na Nansio wanamwambia avuke aende Mwanza. Sasa ahesabu: nauli ya meli ya kwenda na kurudi, nauli ya msindikizaji, mahali pa kulala, chakula, na siku ambazo hataanika dagaa. Akifika, daktari anakata kipande kidogo cha ngozi ili kipelekwe maabara. Majibu hayatoki siku ile. Arudi kisiwani, kisha avuke tena. Watoto wamebaki na nani? Ada ya kipimo imelipwa na nani?

Hapo ndipo wakubwa hutuambia kwamba matibabu ya saratani husamehewa malipo. Ni kweli kwamba sera ya nchi, tangu uchangiaji wa gharama za afya ulipoanzishwa mwaka 1993, imeweka msamaha kwa magonjwa ya kudumu, saratani ikiwamo. Lakini msamaha wa saratani humwangukia mwenye saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Gharama zinazomzuia huyu mama ni zile zinazotangulia uthibitisho. Msamaha unamngoja ng'ambo, lakini mtumbwi wa kuvukia analipa mwenyewe.

Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, nao wagonjwa wa Sengerema na Geita hawangoji tena kivuko usiku kucha. Tunashukuru. Lakini kati ya zahanati ya kijiji na chumba cha daktari wa ngozi liko ghuba jingine, ambalo halina daraja bado: ghuba lililo kati ya mwenye bima na asiye nayo.

BIMA YA NANI?

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mwalimu hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 3, naye mwalimu haoni fedha zile zikitoka mkononi. Akiota kidonda kisichopona, anachukua kadi na kwenda. Hatumwonei wivu, ni haki yake. Tunauliza tu: je, mvuvi, mkulima na mama lishe ngozi zao ni za thamani ndogo zaidi?

Kwa hao wengine ulibuniwa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa na kuenezwa nchini tangu mwaka 2018, kaya ya watu sita ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kadi ile ilimfikisha mwanachama mpaka hospitali ya mkoa. Hapo iliishia. Lakini mpasuaji wa kuziba shavu lililoliwa na saratani, maabara ya kusoma kipande cha ngozi na mionzi ya tiba viko Bugando, hospitali ya kanda. Kadi ya maskini ilimsindikiza mpaka mlango wa pili, nao ugonjwa ulikuwa nyuma ya mlango wa tatu. Na yule aliyetaka bima ya hiari ya Taifa mwaka 2019, kifurushi cha chini kabisa cha kijana mmoja kilikuwa shilingi 192,000 kwa mwaka. Mchukuzi wa mwaloni azitoe wapi zote kwa mkupuo, wakati kipato chake huja kwa siku na kuisha kwa siku?

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Hata Marekani, nchi tajiri yenye madaktari wa ngozi kwa maelfu, watafiti wameonyesha mara nyingi kwamba wasio na bima hugunduliwa melanoma ikiwa imekwisha kukomaa, kuliko wenye bima za kulipiwa. Hii yatufundisha kwamba wingi wa madaktari hautoshi. Shauri ni nani anaruhusiwa kuingia kwao.

Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo inasema kwamba wasio na uwezo watagharimiwa. Tunaipongeza kwa moyo. Lakini sheria njema huweza kufia katika daftari la mtendaji wa kijiji. Nani ataitwa asiye na uwezo? Mama yule wa dagaa ana banda la bati na kuku watano. Huenda jina lake lisiandikwe katika orodha ya kaya maskini. Basi yeye si maskini wa kutosha kusaidiwa, wala si tajiri wa kutosha kupona.

WANAOTUPINGA

Wako wanaosema, "Watu hawa huchelewa kwa ujinga na ushirikina, kwanza huenda kwa waganga." Hatukatai kwamba mafundisho yanahitajika. Lakini mganga wa kijijini hupokea kuku, hukopesha, na yuko umbali wa kutembea kwa miguu. Mtu asiye na nauli ya meli huenda kwa yule anayefikika. Mara nyingi tunauita ujinga uamuzi ambao mtu ameufanya kwa akili timamu akiwa na mfuko mtupu.

Wengine husema, "Nchi ni maskini, fedha hazipo." Tuwajibu kwa hesabu. Kigaga kidogo cha mapema huondolewa kwa kugandishwa au kwa kukatwa kwa ganzi ya mahali pale pale, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Saratani iliyokwisha kula sikio na taya hudai upasuaji mkubwa, kupandikizwa ngozi, wiki za mionzi na miezi ya kitanda, na pengine baada ya hayo yote bado ni jeneza. Kuchelewa ndiko kwenye gharama. Nchi maskini ndiyo isiyomudu kuchelewa.

Tena wako wanaosema kwamba ndugu zetu wenye ualbino wamekwisha kulindwa. Tunakumbuka sote yale mauaji ya kinyama yaliyoitia aibu Kanda ya Ziwa tangu mwaka 2006 hivi. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alibubujikwa machozi Bungeni kwa ajili yao. Machozi yale yalikuwa ya haki. Lakini madaktari wanatuambia kwamba saratani ya ngozi ndiyo inayowaondoa wengi wao kabla ya wakati wao. Panga tulililia kwa kuwa lilikuwa na mshika panga. Jua halina wa kupandishwa kizimbani, basi tukanyamaza.

NA SISI JE?

Haitakuwa haki kuinyoshea Serikali kidole tukijisahau wenyewe. Bugando ni hospitali ya Maaskofu Katoliki wa Tanzania, ikiendeshwa kwa ubia na Serikali. Kwa hiyo mlango ule ni wetu pia. Papa Yohane wa 23, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alihesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu, pamoja na haki ya kutunzwa mtu anapougua. Hakuyahesabu miongoni mwa sadaka. Na yule Msamaria tunayemhubiri kila mwaka hakuishia kumfunga majeruhi vidonda. Alimlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili za kutangulia, akaahidi kulipa kitakachozidi. Hiyo ndiyo bima katika asili yake: anayeweza analipa mapema kwa ajili ya asiyeweza, bila kumwuliza kwanza barua ya mtendaji.

Sasa tujipime. Katika parokia zetu, kadi za kuchangia harusi huzunguka kila juma, na kamati hukaa mpaka usiku. Mtu akifariki, rambirambi hukusanywa kwa siku moja. Tumechangia sanda ya mtu ambaye hatukumchangia nauli. Tumewasimamisha watoto wenye ualbino juani saa nzima kwenye maandamano ya Ekaristi, na shuleni tumewavua kofia eti si sare. Hayo hayakuhitaji bajeti ya Taifa kuyaacha.

TUNAYODAI NA TUTAKAYOTENDA

Kwa Serikali tunadai mambo matano. Mafuta ya kukinga ngozi kwa mwenye ualbino yahesabiwe kuwa dawa, yapatikane katika zahanati, tena bila malipo. Msamaha wa saratani uanzie pale inaposhukiwa, ili kukata na kupima kipande cha ngozi kusiwe na ada kwa asiye na bima. Katika bima ya wote, ualbino wenyewe utoshe kumwingiza mtu katika orodha ya wanaogharimiwa, bila kudaiwa ushahidi wa umaskini. Na mchango wa mvuvi na mkulima upokewe kidogo kidogo, kwa kufuata msimu wa kipato chake. Mwisho, wahudumu wa zahanati wafundishwe kutambua dalili, na daktari wa ngozi awafuate watu visiwani kwa ratiba inayojulikana.

Kwa hospitali zote, na zile za Kanisa zikiwa za kwanza, tunaomba asirudishwe mtu getini kabla kidonda chake hakijatazamwa.

Nasi wenyewe tuanze mwezi huu. Kila Jumuiya imjue mwenye ualbino na mwenye kovu kubwa la moto katika eneo lake, na imtembelee. Kidonda, kigaga au uvimbe wa ngozi usiopona ndani ya mwezi mmoja, au doa jeusi la wayoni linalokua, lisisubiri mwezi wa pili. Kila parokia itenge mfuko mdogo wa nauli ya mgonjwa na msindikizaji, utunzwe kwa daftari lililo wazi. Mafundi wetu washone kofia za ukingo mpana na mashati ya mikono mirefu. Misa za nje ziwe na kivuli. Na tarehe 13 Juni, ambayo tangu mwaka 2015 ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, tusiimalize kwa hotuba. Tuimalize kwa kuwapeleka watu kupimwa.

Lakini tusijidanganye. Mfuko wa nauli ni huruma, na huruma haichukui nafasi ya haki. Tunamvusha mgonjwa wa leo huku tukidai daraja kwa ajili ya wa kesho. Atakayechagua moja na kuliacha jingine atakuwa amefanya nusu ya kazi.

Mkulima husema nitakwenda hospitali baada ya kuuza pamba. Mama husema nitakwenda msimu wa dagaa ukichanganya. Kidonda hakijui msimu. Hakingoji mavuno, hakingoji kikao cha bajeti, wala hakingoji uchaguzi ujao. Basi na sisi tusingoje.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu ni nani mwenye kidonda kisichopona, na ni nini hasa kilichomzuia kwenda hospitali? Tumwulize yeye mwenyewe, tusimjibie.

2. Kaya ngapi za Jumuiya yetu zina bima ya afya, na ngapi hazina? Zisizo nayo, sababu ni nini?

3. Mwaka jana tulichangia kiasi gani kwa harusi na misiba, na kiasi gani kwa wagonjwa?

4. Ni nani atakayepeleka madai haya kwa diwani na kwa mtendaji wa kata, na lini ataturudishia jibu?